E. D. Morel: Mwanahabari Aliyezikosanisha Uingereza na Ubelgiji

Utangulizi

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila atazamaye juu huyatambua. Mwishoni mwa karne ya 19, makarani, manahodha na wachukuzi wengi walipita katika bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji, wakaziona meli za Kongo zikipakuliwa na kupakiwa. Walihesabu shehena, wakatia sahihi, wakaenda zao. Karani mmoja kijana wa kampuni ya meli ya Liverpool alijiuliza ni kwa nini hesabu hizo hazilingani. Swali hilo lilimfanya aache kazi na kugeuka mwanahabari. Likazikosanisha serikali mbili za Ulaya kwa takriban miaka 10, na likachangia pakubwa kumpokonya mfalme mmoja milki iliyoizidi nchi yake kwa ukubwa zaidi ya mara 70.

Karani huyo ni Edmund Dene Morel. Makala haya yanasimulia maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufa, yakitilia mkazo uandishi wake na mzozo wa kidiplomasia uliotokana nao. Hata hivyo, hayakusudii kumtungia utenzi wa sifa. Morel aliwatetea Waafrika wa Kongo kwa ushupavu mkubwa, na Morel huyohuyo, miaka michache baadaye, aliandika maneno ya kuwadhalilisha Waafrika mbele ya ulimwengu. Anayeandika wasifu hana ruhusa ya kuichukua nusu moja ya maisha ya mtu na kuifukia nusu ya pili.

Kuzaliwa na Malezi

Morel alizaliwa jijini Paris tarehe 10 Julai 1873. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa refu: Georges Edmond Pierre Achille Morel de Ville. Baba yake alikuwa Mfaransa, mtumishi mdogo wa serikali, naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne tu. Mama yake, Emmeline de Horne, alikuwa Mwingereza kutoka ukoo uliokuwa na uhusiano na Wakweka, yaani wafuasi wa dhehebu la Kikristo linalopinga vita na lililokuwa mstari wa mbele kupinga utumwa. Mama ndiye aliyemlea na kumpeleka shuleni Uingereza. Akiwa na umri wa miaka 15, kijana alilazimika kuacha masomo kwa sababu ya maradhi ya mama na ukosefu wa fedha, akarudi Paris kufanya kazi ya ukarani katika benki.

Mnamo 1891 alipata nafasi ya ukarani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool. Mshahara ulikuwa mdogo, hivyo akawa anafundisha Kifaransa jioni ili kuongeza kipato. Mwaka wa 1896 alipata uraia wa Uingereza, akalifupisha jina lake, na akamwoa Mary Richardson. Walijaliwa watoto watano. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, wala hakuwahi kupata mafunzo ya uandishi wa habari. Alichokuwa nacho ni lugha mbili, uzoefu wa vitabu vya hesabu, na tabia ya kusoma kila kitu kilichohusu biashara ya Afrika Magharibi. Kuanzia 1893 alikuwa akiandika makala magazetini kuhusu biashara hiyo, kwa mtazamo wa mfanyabiashara wa Liverpool.

Dola Huru ya Kongo

Ili kuelewa alichokigundua Morel, hatuna budi kuitazama nchi yenyewe. Katika mkutano wa Berlin wa 1884–85, madola ya Ulaya yalimkubali Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuwa mtawala wa eneo kubwa la bonde la mto Kongo. Eneo hilo, lililoitwa Dola Huru ya Kongo, halikuwa koloni la Ubelgiji. Lilikuwa mali ya mfalme binafsi. Naye aliahidi mambo mawili: kwamba biashara ingekuwa huru kwa mataifa yote, na kwamba wenyeji wangelindwa dhidi ya biashara ya watumwa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatukuwa mbali na mambo hayo. Katika miaka ya mwanzo, dola hiyo iliajiri askari na wachukuzi kutoka Zanzibar. Mnamo 1887 Leopold alimteua Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, kuwa wali wa Stanley Falls, mahali panapoitwa Kisangani hivi leo. Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu kwa tawasifu yake. Miaka mitano tu baadaye, Leopold alianzisha vita dhidi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa mashariki mwa Kongo. Vita hivyo, vilivyopiganwa kati ya 1892 na 1894, vilisifiwa Ulaya kuwa vita vya kukomesha utumwa. Ukweli ni kwamba utumwa ulibadilisha bwana.

Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop alikuwa amevumbua gurudumu la mpira lenye kujazwa upepo. Baiskeli zikaenea, magari yakafuata, na dunia ikawa na kiu ya mpira. Misitu ya Kongo ilijaa mimea itambaayo yenye utomvu huo. Leopold alitangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa wala kulimwa ni mali ya dola, pamoja na mazao yake. Kwa hiyo, mwanakijiji aliyegema mpira msituni hakuwa na haki ya kumuuzia yeyote. Alipaswa kuuleta kwa ofisa kama kodi, kwa kiwango alichopangiwa. Askari wa jeshi la dola, lililoitwa Force Publique, waliwashika wanawake na kuwaweka rehani hadi waume zao warejee na mzigo. Aliyepungukiwa alichapwa kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko, ule ambao katika Kiswahili umechukua jina la mnyama mwenyewe. Vijiji vilivyokaidi vilishambuliwa, na askari walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi kwa kuwinda wanyama. Ushahidi waliouleta ulikuwa mikono ya kulia ya waliouawa, na mara nyingine ya walio hai.

Hesabu Zisizolingana

Kampuni ya Elder Dempster ilikuwa na mkataba wa kubeba mizigo yote kati ya Antwerp na Boma, mji mkuu wa Kongo wa wakati huo. Kwa kuwa Morel alijua Kifaransa vyema, alitumwa Ubelgiji mara kwa mara kushughulikia mkataba huo. Huko ndiko alikoanza kulinganisha karatasi za meli na takwimu zilizotangazwa na serikali ya Kongo.

Aliona mambo matatu. Kwanza, mpira na pembe za ndovu zilizoshushwa Antwerp zilizidi kwa mbali zile zilizotangazwa; kulikuwa na watu waliokuwa wakifaidika kwa siri. Pili, meli zilizoelekea Kongo zilijaa maofisa, bunduki na risasi. Tatu, bidhaa za kubadilishana na wenyeji, kama vitambaa na vyombo, zilikuwa haba mno. Isitoshe, Mwafrika wa Kongo hakuruhusiwa kutumia fedha. Basi utajiri ule wote ulilipiwa na nini?

Jibu lilikuwa moja tu. Haukulipiwa. Kama hakuna kinachokwenda ila silaha, na kinachorudi ni utajiri, basi watu wanafanyishwa kazi kwa nguvu, nchi nzima, kwa mpango wa serikali yenyewe. Morel alifikia uamuzi huo bila kukanyaga Kongo, wala hakuwahi kuikanyaga hadi mwisho wa maisha yake. Wamishenari kadhaa walikuwa wameeleza maovu waliyoyaona, na George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alimwandikia Leopold barua ya wazi ya mashtaka tangu 1890. Lakini watetezi wa mfalme waliweza kudai kwamba hayo ni makosa ya maofisa wachache wakorofi. Hesabu za Morel ziliufunga mlango huo. Zilionyesha kwamba ukatili ndio uliokuwa mtaji wa biashara yenyewe.

Morel alimfikia mkuu wa kampuni, Sir Alfred Jones, ambaye pia alikuwa konseli wa heshima wa dola ya Kongo mjini Liverpool. Jones hakufurahi. Muda si muda Morel akaahidiwa cheo ng'ambo, kisha malipo mazuri kwa kazi nyepesi ya ushauri. Alikataa yote mawili. Mnamo 1901, akiwa na umri wa miaka 28, mke na watoto wa kulisha, aliacha kazi na kuishika kalamu.

Kalamu Vitani

Tayari mnamo 1900 alikuwa amechapisha mfululizo wa makala kuhusu Kongo bila kutaja jina lake. Sasa alijitokeza waziwazi. Mwaka wa 1903 alianzisha gazeti lake mwenyewe, West African Mail, kwa msaada wa John Holt, mfanyabiashara wa Liverpool aliyekuwa na maslahi Afrika Magharibi. Vitabu navyo vilifuatana, kikiwemo Red Rubber cha 1906.

Mbinu yake inastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa uandishi. Alitaja tarehe, mahali, jina la kampuni, kiasi cha mpira na jina la ofisa. Alichapisha nyaraka za siri zilizovuja kutoka ofisi za dola. Aliwapa wamishenari nafasi ya kutoa ushahidi ambao wakubwa wao walikuwa wakiuogopa. Alijua pia nguvu ya picha. Mnamo Mei 1904, mmishenari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja huko Baringa, aliyeitwa Nsala, akiwa ameketi akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vyote vikiwa vimekatwa. Picha hiyo na nyinginezo zilichapishwa, na kumulikwa ukutani kwa taa katika mikutano ya hadhara kote Uingereza. Aliyeiona hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Mzozo wa Kidiplomasia

Maandishi ya Morel yalifika Bungeni. Tarehe 20 Mei 1903, Bunge la Uingereza lilipitisha azimio, lililowasilishwa na Herbert Samuel, la kuitaka serikali ishauriane na madola mengine yaliyotia sahihi Mkataba wa Berlin kuhusu hali ya Kongo. Mwezi Agosti, Wizara ya Mambo ya Nje ikayapelekea madola hayo waraka. Wakati huohuo konseli wa Uingereza nchini Kongo, Roger Casement, alikuwa ametumwa kupanda mto na kujionea mwenyewe. Alisafiri kwa miezi kadhaa, akawahoji wanavijiji, na akaandika ripoti iliyothibitisha yote ambayo karani wa Liverpool aliyabaini kutoka makaratasini. Ilipochapishwa mnamo Februari 1904, wizara ilikuwa imeyafuta majina ya mashahidi na kuweka herufi mahali pake, jambo lililomkasirisha sana Casement.

Morel na Casement walikutana mwishoni mwa 1903, wakazungumza hadi usiku wa manane. Kutokana na urafiki huo, Machi 1904 ulizaliwa Muungano wa Mageuzi ya Kongo, Morel akiwa katibu wake. Mwaka huohuo alivuka bahari hadi Marekani, akapokelewa na Rais Theodore Roosevelt. Waandishi mashuhuri kama vile Mark Twain na Arthur Conan Doyle waliandika vitabu kuunga mkono harakati hizo.

Leopold hakuketi kitako. Alianzisha ofisi ya siri ya kuwalipa waandishi wa habari katika nchi mbalimbali, na akaajiri mshawishi wa kisiasa nchini Marekani, njama iliyofichuliwa na gazeti moja la New York mnamo Desemba 1906. Magazeti yake yalimwita Morel kibaraka wa wafanyabiashara wa Liverpool wenye wivu. Yaliuliza pia swali lililoiuma Uingereza: je, makoloni yake yenyewe yalikuwa safi?

Swali hilo liliulizwa kwa hila, lakini halikuwa swali la kipuuzi. Hoja kuu ya Morel ilikuwa kwamba ardhi na mazao yake ni mali ya wenyeji. Mwaka uleule wa 1904, alipokuwa akiitetea hoja hiyo kwa ajili ya Kongo, utawala wa Kiingereza hapa Afrika Mashariki uliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na mnamo 1911 ukawahamisha tena kutoka Laikipia. Morel aliamini kwamba dawa ya Kongo ilikuwa biashara huru chini ya utawala mwema wa Kizungu. Hakuuliza kwa nini pawe na utawala huo hata kidogo. Mkoloni wa Kiingereza alimwona kuwa mlezi mwenye kasoro ndogondogo, ilhali Leopold alimwona mwizi. Kongo ilihitaji mtu wa kumwita mwizi kwa jina lake, na Morel alifanya hivyo. Lakini palikuwa na mahali ambapo macho yake hayakufika.

Mashahidi Waafrika

Historia nyingi za harakati hizi huwataja Wazungu peke yao. Hilo ni kosa. Mmoja wa watoa habari wa Morel alikuwa Hezekiah Andrew Shanu, mtu wa kutoka eneo la Lagos aliyekuwa mfanyabiashara na mpiga picha mjini Boma. Shanu alimpelekea Morel nyaraka za kesi ya mfanyakazi mmoja wa kampuni ya mpira, nyaraka zilizoonyesha kwamba serikali ilijua na kuridhia mauaji. Siri yake ilipofichuka, watumishi wa serikali waliamriwa wasinunue kitu katika maduka yake. Biashara ikafa. Mnamo Julai 1905 Shanu alijiua. Morel alipoteza cheo kwa ajili ya Kongo. Shanu alipoteza uhai.

Shinikizo lilipozidi, Leopold aliunda tume ya majaji watatu, Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi, akitumaini kwamba wangemsafisha. Walipofika Kongo, wananchi walijitokeza kwa wingi kutoa ushahidi. Chifu Lontulu wa Bolima alikuja na vijiti 110. Kila kijiti kilisimama badala ya mtu mmoja wa watu wake aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Aliviweka mbele ya majaji, akiwataja marehemu mmoja baada ya mwingine. Hesabu ambayo Morel aliikisia Antwerp kutokana na mizigo ya meli, Lontulu alikuwa nayo kamili, kwa majina.

Tume ilikiri maovu hayo katika ripoti yake ya 1905, kinyume na matarajio ya mfalme. Hata hivyo, ushahidi wenyewe haukuchapishwa. Ulifungiwa katika hifadhi ya nyaraka, na ni katika miaka ya 1980 tu ambapo watafiti waliruhusiwa kuusoma bila vikwazo.

Mwisho wa Milki ya Leopold

Baada ya ripoti hiyo, hata Wabelgiji wenyewe walianza kumgeuka mfalme wao. Serikali ya Ubelgiji ikafanya naye mapatano: ichukue Kongo pamoja na madeni yake ya faranga milioni 110, na imlipe mfalme faranga milioni 50 kama shukrani kwa kujitolea kwake kwa ajili ya Kongo. Wananchi wa Kongo ndio waliotarajiwa kulipia sehemu kubwa ya fedha hizo kwa jasho lao. Mnamo Agosti 1908, kwa siku nane, tanuri za kasri la mfalme zilichoma nyaraka za dola. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909.

Morel alikataa kuridhika. Aliishinikiza Uingereza isiutambue utawala mpya hadi mageuzi yaonekane, na kwa miaka mitano uhusiano wa nchi hizo mbili ukabaki na ufa. Mnamo 1913, kodi ya mpira ikiwa imelegezwa na Uingereza ikiwa na hofu ya nguvu za Ujerumani, serikali ilitoa idhini yake na Muungano wa Mageuzi ukavunjwa. Kazi ya kulazimishwa haikukoma kabisa Kongo, lakini utaratibu wa mikono iliyokatwa ulikuwa umekwisha.

Vita na Kifungo

Mzozo wa Kongo ulimfunza Morel kutoamini wizara za mambo ya nje. Vita Vikuu vya Kwanza vilipolipuka mnamo 1914, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama kilichopinga mapatano ya siri kati ya serikali na kudai kwamba wananchi washirikishwe katika uamuzi wa kupigana. Waliomshangilia jana sasa walimwita msaliti na kibaraka wa Ujerumani. Mnamo 1917 alifungwa miezi sita kwa kosa la kutuma vijitabu Uswisi kinyume cha sheria za wakati wa vita. Alitoka gerezani nywele zimejaa mvi na afya imeharibika, asiweze kupona tena sawasawa. Rafiki yake Casement alikuwa amekwisha kunyongwa mnamo Agosti 1916 kwa kushiriki harakati za uhuru wa Ireland.

Doa la 1920

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa miaka mingi Morel alisifiwa kuwa sauti ya Mwafrika, na mwaka wa 1911 alifanyiwa hafla kubwa ya heshima jijini London. Lakini mnamo Aprili 1920 aliandika katika gazeti la Daily Herald makala kuhusu askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa wakilinda eneo la mto Rhine nchini Ujerumani. Aliwashutumu askari hao kwa kuwanajisi wanawake wa Kijerumani, na akaeleza kwamba hayo yalitokana na maumbile ya watu weusi wenyewe. Baadaye mwaka huohuo alitoa kijitabu kuhusu jambo hilo, kikatafsiriwa na kuenezwa katika nchi kadhaa. Mzozo ukazuka tena, mara hii dhidi ya Ufaransa.

Tofauti ya maandishi haya na yale ya Kongo ni ya kusikitisha. Kule alianza na hesabu, akazifuata hadi kwenye hitimisho. Huku alianza na hitimisho, akaokota tetesi za kulithibitisha. Jenerali Henry Allen, kamanda wa Kimarekani katika eneo hilo, alichunguza na kuripoti kwamba madai hayo yalikuwa yametiwa chumvi mno. Claude McKay, mshairi mweusi kutoka Jamaika aliyekuwa akiishi London, aliandika kupinga. Gazeti lililomchapisha Morel likakataa barua yake, ikatolewa na gazeti jingine dogo la kisoshalisti. Nia ya Morel ilikuwa kupinga masharti makali iliyowekewa Ujerumani baada ya vita. Silaha aliyoichagua, hata hivyo, ilikuwa kuchochea hofu ya Wazungu dhidi ya ngozi nyeusi. Wabaguzi wa Ujerumani waliipokea kwa mikono miwili. Mnamo 1937, utawala wa Hitler uliwahasi kwa siri mamia ya watoto waliozaliwa na askari wale na mama wa Kijerumani. Morel hakuyaamuru hayo, na alikuwa kaburini miaka mingi. Lakini alikuwa mmoja wa waliopanda mbegu iliyoota huko.

Cha kustaajabisha zaidi, mwaka huohuo wa 1920 alichapisha kitabu cha kulaani dhuluma za Wazungu barani Afrika. Mtu mmoja, mwaka mmoja, kalamu moja. Yamkini maelezo ni haya: Morel alimpenda Mwafrika akiwa mwathiriwa, kijijini kwake, akihitaji mtetezi. Mwafrika aliyevaa sare, akashika bunduki na kumlinda Mzungu aliyeshindwa vitani, hakuwa na nafasi katika mawazo yake.

Siku za Mwisho

Mnamo Novemba 1922 Morel aligombea ubunge wa Dundee kwa tiketi ya chama cha Leba. Jimbo hilo lilichagua wabunge wawili, na miongoni mwa walioshindwa alikuwa Winston Churchill. Leba ilipounda serikali yake ya kwanza mnamo Januari 1924, wengi walidhani Morel angekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Waziri Mkuu Ramsay MacDonald aliichukua wizara hiyo mwenyewe. Mwaka huohuo jina la Morel lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, ingawa hakuipata. Tarehe 12 Novemba 1924, majuma machache baada ya kuchaguliwa tena, alikuwa akitembea msituni karibu na Bovey Tracey, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alijiegemeza kwenye mti apumzike, akakata roho papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 51.

Hitimisho

Maisha ya Morel yanatuachia mafunzo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kwamba ukweli mzito unaweza kulala wazi katika karatasi za kawaida, na kwamba mwandishi asiye na cheo, wala shahada, wala jeshi, anaweza kuitikisa dola akiwa na subira ya kuzisoma. Serikali ya Uingereza haikuanza kuisumbua Ubelgiji kwa sababu ya huruma. Ilisukumwa na takwimu, nyaraka na picha ambazo haikuweza kuzikana.

La pili ni kwamba sifa ya jana haithibitishi ukweli wa leo. Wasomaji waliomwamini Morel mnamo 1920 walifanya hivyo kwa sababu alisema kweli mnamo 1903. Walipima jina lake, hawakupima ushahidi wake. Sisi tunaofunzwa uhakiki tunapaswa kuyasoma maandishi ya mwenye jina kubwa kwa jicho lilelile ambalo karani wa Antwerp aliyasomea makaratasi ya mfalme.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Morel ni kwamba maelfu ya watu wa Kongo walipata nafuu kwa sababu yake. Haki ya askari wa Rhine ni kwamba alichowaandikia kisifukiwe. Na haki ya Shanu wa Boma na Lontulu wa Bolima ni kwamba kila itajwapo habari ya karani wa Liverpool, wao pia watajwe, kwa kuwa walikuwa wakiijua hesabu ile kabla yake, nao waliilipia kwa gharama kubwa zaidi.